Kifaa kimetulia mezani, umbo linakimbia kwenye skrini

SWALI: Shikamoo mhandisi. Natengeneza kidude cha mkononi cha kuendeshea maumbo ya 3D kwenye kompyuta, kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) na kihisi cha MPU-6050, chenye jairoskopu na akselerometa ndani yake. Nikikilaza mezani, umbo linaendelea kuzunguka polepole. Nikikisogeza kulia, linatoroka kabisa kwenye skrini. Nimebadilisha waya, hali ni ileile. Kodi yangu, yaani maagizo ya programu, ina kosa gani?

JIBU: Marahaba. Kodi yako huenda haina kosa. Una matatizo mawili, na moja tu ndilo linalotibika.

La kuzunguka ni dogo. Jairoskopu hupima kasi ya mzunguko, na hata ikitulia haisomi sifuri kamili. Kila unapowasha, kiache kidude mezani sekunde tatu hivi, chukua wastani wa vipimo, uutoe katika vyote vinavyofuata. Mwinamo utausahihisha kwa akselerometa, maana yenyewe inajua chini ni wapi. Ila kugeuka kushoto na kulia kikiwa kimelala hakuna wa kukusahihisha, kwa kuwa kihisi hicho hakina dira. Weka kitufe cha kurudisha umbo mahali pake, basi.

Kwenye kusogeza ndiko kwenye msiba. Ili ujue kidude kiko wapi, unajumlisha mchapuko (badiliko la kasi) unaopimwa na akselerometa mara mbili, na kosa linakua kwa mraba wa muda. Ukikosea mwinamo kwa nyuzi 1 tu, kiasi cha 0.17 m/s² cha mvutano wa dunia kinahesabiwa kuwa mwendo. Baada ya sekunde 5 umbo limekwenda zaidi ya mita 2, nawe hujagusa kitu! Niliwahi kupoteza wiki nzima nikitafuta kichujio cha kuliondoa hilo. Usinifuate.

Kwa kusogeza, tumia kofia iliyokaa juu ya springi, yenye sumaku chini na vihisi vya Hall, vinavyopima nguvu ya sumaku, pembeni. Isogee milimita chache tu, na umbali wa kusukuma uwe kasi ya umbo, si mahali lilipo. Mtafiti Shumin Zhai alilichunguza hili katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Toronto, 1995: springi huendana na kasi, kifaa kinachoelea huru mkononi huendana na mahali. Ukiachia kofia, inarudi katikati na umbo linasimama.

Vipimo vidogo vya karibu na katikati vihesabu kuwa sifuri, kwani springi hairudi palepale. Na usitumie springi za kalamu. Ni laini mno, kofia italala upande.