Jibu: Risiti za mnada na SMS zinazomaliza salio

Mdogo wangu, unasema kila ukijaribu programu yako ya risiti za mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga, wachuuzi wanapata SMS za kweli na salio linayeyuka. Unauliza kama dipendensi injeksheni, yaani kukikabidhi kipande cha programu vitu kinavyohitaji badala ya kujiundia chenyewe, itakusaidia. Itasaidia, tena sana.

Shida ni kwamba klasi yako ya Risiti (kile kipande cha msimbo kinachoshughulikia risiti) inajiundia yenyewe kitumaji cha SMS, kwa hiyo huwezi kuijaribu bila kutuma. Kitoe humo. Konstrakta ya Risiti, yaani sehemu inayoiunda, ipokee kitu chochote kinachojua kutuma ujumbe kwa namba fulani. Kitumaji cha kweli kiundwe kwenye faili linaloanzisha programu, kisha Risiti ikabidhiwe. Kwenye majaribio ikabidhi cha bandia, kisichotuma chochote bali kinahifadhi ujumbe kwenye orodha. Halafu kagua orodha: namba ni ya yule aliyenunua samaki aina ya changu? Bei ni ile iliyofikiwa mnadani? Saa nayo ipitishe hivyohivyo, la sivyo utaamka alfajiri kujaribu risiti za alfajiri!

Jina la dipendensi injeksheni lilienezwa na Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, mwaka 2004, na siku hizi wengi wanadhani ni lazima uwe na Spring au kontena jingine, yaani zana inayounda vitu hivyo na kuvikabidhi yenyewe. Kwa programu yako huhitaji, konstrakta inatosha. Wala usipitishe kila kitu. Kuzidisha kilo kwa bei kuache kulivyo. Ukiona konstrakta inadai vitu saba au nane, igawe hiyo klasi kwanza.