Hewa ya stendi haitakupa hesabu ya gesijoto

Swali: Mimi ni afisa mazingira wa halmashauri moja Tanzania Bara. Kampuni moja inataka tununue vipima hewa vinne vifungwe stendi, sokoni na dampo. Inaahidi kwamba baada ya miezi mitatu tutajua gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) tunazozalisha, tuingie biashara ya kaboni, yaani kuuza upunguzaji wa gesi hizo. Je, vinne vinatosha?

Jibu: Hata arobaini havitoshi. Swali hili hunijia kila bajeti ikikaribia, na nyuma yake hakosi mtu mwenye kitu cha kuuza.

Kifaa cha stendi kinasoma hewa ukaa iliyopo pale kilipofungwa. Basi likinguruma chini yake, namba inapanda. Upepo ukigeuka, inashuka. Hewa ukaa hiyo imechanganyika na ya dunia nzima, na hakuna kifaa cha nguzoni kitakachokutengea ya kwenu. Vingine hupima vumbi na moshi tu. Vinafaa kwa afya, lakini vumbi si gesijoto.

Gesijoto za halmashauri hukokotolewa. Unachukua lita za mafuta, uniti za umeme na tani za taka, unazidisha kwa kiasi cha gesi kinachotokana na kila kipimo. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, ichomwe Kibondo au Kigamboni. Ndivyo zinavyoelekeza kanuni za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, na GPC, mwongozo wa kukokotoa gesijoto uliotolewa 2014 kwa ajili ya miji, umejengwa juu ya kanuni hizo. Kwa hiyo mnachohitaji ni kumbukumbu.

Anzia dampo. Fungua daftari la getini: mara nyingi utakuta "lori, tripu 3", uzito hakuna. Lori la kifusi na lori la maganda ya ndizi yameandikwa sawa, ilhali taka zinazooza ndizo zinazotoa methani, gesi inayopasha joto mara 28 zaidi ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Tena methani ya leo inatokana pia na taka zilizotupwa miaka mingi nyuma. Kipimo cha miezi mitatu kitaijuaje historia hiyo?

Mkaa nao ni hivyo hivyo. Usiandike "gunia" ukaishia hapo, maana rumbesa hazilingani. Nenda sokoni na mizani, pima magunia ya kutosha upate wastani.

Wapo pia wanaochukua jumla ya gesijoto za taifa, wakawapangia fungu kwa idadi ya watu wenu, wakaichapa kwenye karatasi ya kung'aa. Mkianza kutenganisha taka na kutengeneza mboji, namba hiyo haitashuka hata kidogo. Watu wakiongezeka itapanda. Halmashauri inalipia ripoti isiyoweza kuonyesha kazi yake. Na anayewaambia kwamba ripoti hiyo ni tiketi ya biashara ya kaboni anawadanganya. Biashara hiyo hufuata mradi mahususi wenye vipimo na uhakiki wake, na taratibu zake mtazipata NCMC, kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Kabla ya kusaini, mtakeni muuzaji aandike takwimu gani za matumizi atatumia, za mwaka upi, na viwango vya gesi kwa kila lita, uniti au tani amevitoa wapi. Akishindwa, fedha hizo ziende kwenye mizani ya malori na karani wa kuandika uzito getini.