Mwanangu, kuhusu Kelly Morgan uliyeniuliza

Mwanangu kipenzi,

Voisi yako nimeisikiliza jana usiku nikitoka shifti. Unaniuliza, huyo Kelly Morgan, mcheza badminton wa Wales ninayemtaja tangu uko mdogo, ukubwa wake uko wapi wakati Olimpiki hakupata hata medali moja. Nimeona nikuandikie maana kwa simu utanikatisha tu.

Ni kweli, Atlanta 1996 alikwenda, Sydney 2000 akaenda tena, akarudi mikono mitupu. Ila nitafutie mtu mmoja tu wa Uingereza nzima aliyepata medali ya badminton Olimpiki akicheza peke yake. Hayupo. Ile shaba ya Sydney, ile fedha ya Athens 2004 ya kina Gail Emms na Nathan Robertson, mpaka ile ya Rio 2016, zote za wawili wawili. Singo ni mlima mwingine mwanangu, uwanja wote wako, ukichoka hakuna wa kukuzibia pengo.

Halafu Olimpiki Wales haipo, unavaa jezi ya Great Britain. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ndo Wales inaingia kwa jina lake na joka lake jekundu. Sasa mwaka 1998 michezo ikapelekwa Kuala Lumpur, na Malaysia badminton ni kama mpira kwetu, kila mtu kocha. Huko huko binti wa miaka 23, katoka nchi ambayo enzi hizo watu wake wote milioni tatu walikuwa hawafiki, akabeba dhahabu ya singo wanawake.

Na enzi hizo haikuwa hii ya pointi 21 unayoijua wewe, hii imekuja 2006. Wanawake walikuwa wanacheza mpaka 11 na pointi unapata kama wewe ndo umesevu, umeanzisha mpigo, yani unahangaika weee unashinda mpigo, unachopewa ni sevu tu, unaipoteza, anasevu yeye, naye anaipoteza, mnazunguka hivo jasho linawatoka na ubao bado uko pale pale. Kushinda dhahabu kwa mtindo ule lazima uwe na roho ngumu, mi namheshimu kwa hilo peke yake.

Unakumbuka ile miaka nafanya usafi kwenye holi la michezo hapa Cardiff, we unakaa benchi na homuweki yako? Siku moja nilimuuliza kocha mmoja mzee mbona mnatupa vinyoya, vile vinavyopigwa kwenye badminton, bado vipya. Akachukua kimoja akanipa mkononi, kama gramu tano tu, manyoya 16 ya bata bukini yamepangwa duara, moja limevunjika kidogo pale shinani. Akakipiga. Kikayumba kama ndege aliyejeruhiwa bawa, kikadondoka kabla ya neti. Moja tu kati ya 16! Pale pale ndo akaanza kunisimulia ya Kelly na Kuala Lumpur, na yule mzee macho yalimlenga machozi, mtu ambaye salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa. Toka siku hiyo jina halijanitoka.

Kile kinyoya nilikiomba, kipo droo ya jikoni pamoja na betri. Ukija Pasaka ntakuonyesha lile nyoya lilipovunjikia. Na koti lako umelisahau huku, baridi hiyo.

Mama yako