Ukipata Siku Tatu Delhi, Panda Nainital

Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunaofika Delhi hatuji kutalii. Tunakuja masomoni, au tumemleta mgonjwa hospitalini. Ikitokea nafasi ya siku chache baada ya mitihani, au wakati mgonjwa amepata nafuu na miadi ya daktari bado iko mbali, kila mtu hutuelekeza Agra, mji wa Taj Mahal. Agra ni nzuri. Lakini akiniuliza mtu aende wapi apumzishe kichwa, mimi humwambia apande treni ya usiku aende Nainital, mji wa ziwani kwenye milima ya Kumaon, jimbo la Uttarakhand, pale Himalaya inapoanza kuinuka kutoka tambarare za kaskazini mwa India. Nilisoma India, na mji ule nimeupanda wakati wa joto, wa mvua na wa baridi. Raha yake inategemea mambo mawili: mwezi unaokwenda, na kama uko tayari kutembea kwa miguu.

Ili uelewe kwa nini, jua kwanza mji ulivyokaa. Ziwa limelala kama maji ndani ya bakuli, vilima saba vimelizunguka. Ncha ya kusini inaitwa Tallital, ya kaskazini Mallital, na kati yake kuna Mall Road, barabara ya kilomita moja na nusu hivi inayofuata ukingo wa mashariki. Nyumba, hoteli, shule, mahakama kuu ya jimbo, misikiti, makanisa na mahekalu, vyote vimebanwa kwenye miteremko. Hakuna pa kupanua barabara wala pa kuongeza maegesho.

Sasa fikiria Mei na Juni. Delhi joto limepita nyuzi 40, shule zimefungwa, na kila mwenye gari anatafuta baridi. Foleni huanza chini kabisa mlimani. Kuna wikendi ambazo polisi huzuia magari nje ya mji na kuwapandisha wageni kwa mabasi madogo. Bei za vyumba hupanda mno, na pale ziwani utasikia honi kuliko ndege. Nimewaona watu wakirudi kutoka Nainital mwezi wa Juni wamechoka kuliko walivyokwenda, wakiapa kwamba mji hauna kitu. Mji una kitu, ila mwezi ule hakionekani.

Julai hadi katikati ya Septemba ni mvua za masika ya kule, na hapo ushauri wangu ni mfupi: usiende. Milima hii ni michanga, miamba yake imevunjikavunjika, na maji yakiingia ardhini mteremko hulegea. Tarehe 18 Septemba 1880, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, kilima cha Sher-ka-Danda kiliporomoka upande wa Mallital na kuua watu 151. Hekalu la Naina Devi lilifunikwa, na kifusi kikaongeza ule uwanja mpana ulioko kando ya ziwa, unaoitwa Flats, ambako leo watoto wanacheza kriketi na wageni wanakula mahindi ya kuchoma. Si habari za kale tu. Mwaka 2018 kipande cha barabara ya chini ya Mall Road kilimegukia ziwani, na Agosti 2024 jiwe maarufu la Dorothy's Seat, kule juu kwenye kilima cha Tiffin Top, liliporomoka lote. Ukikuta ukurasa unaokushauri upige picha juu ya jiwe hilo, jua ni wa zamani.

Nenda baada ya mvua. Mwisho wa Oktoba na Novemba yote ndiyo miezi ninayoipenda kuliko mingine. Vumbi limeoshwa, anga ni safi, na wenye hoteli wana muda wa kuzungumza nawe. Usichague wikendi, wala juma la Diwali. Fika Jumatatu au Jumanne. Desemba na Januari pia ni pazuri kwa anayeweza baridi, na mara nyingine theluji huanguka. Februari mwishoni hadi Aprili mwanzoni miti ya burans huchanua maua mekundu msituni, na maua hayo hukamuliwa sharubati inayouzwa madukani.

Kuhusu baridi, sikiliza hasa wewe uliyezoea Limuru au Naivasha. Utasikia kimo ni mita 2,000 kasoro kidogo, useme hiyo ni ya nyumbani. Kimo ni cha nyumbani, jua si la nyumbani. Nainital iko nyuzi 29 kaskazini mwa ikweta, na Novemba jua likishazama nyuma ya kilima baridi hushuka ghafla. Hoteli nyingi za bei nafuu hazina kitu cha kupasha chumba moto. Beba sweta nzito, soksi za sufu na kofia, na kabla ya kulipa chumba uliza kama maji ya moto yapo asubuhi, si jioni tu.

Safari yenyewe ni rahisi. Kutoka stesheni ya Old Delhi kuna treni ya Ranikhet Express, inayoondoka usiku na kufika Kathgodam alfajiri. Kathgodam ndiyo mwisho wa reli. Baada ya hapo ni mlima. Kuna pia treni ya Shatabdi ya asubuhi kutoka New Delhi kwa asiyetaka kulala njiani. Tiketi huisha mapema, lakini mgeni mwenye pasi ya kusafiria ana dirisha lake: ofisi ya watalii wa kigeni ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Nje utakutana na watu wenye heshima nyingi watakaokuambia ofisi imefungwa au imehamishwa, na watakuelekeza kwa wakala wao. Wapite, panda ngazi mwenyewe.

Kutoka Kathgodam hadi Nainital ni kilomita 35 hivi. Nje ya stesheni kuna teksi za kuchangia, mnapanda watu kadhaa kila mmoja analipa kiti chake, na kuna mabasi ya serikali ya jimbo. Kona ni nyingi na madereva hawazionei huruma. Mwenye kichefuchefu cha safari akae mbele, asile mafuta asubuhi hiyo, na atafune tangawizi. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji asipandishwe kabisa bila ruhusa ya daktari wake.

Jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja ni hoteli. Kwa sheria ya India, mwenye nyumba ya wageni lazima aisajili taarifa ya kila mgeni kutoka nje, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Form C, ndani ya saa 24. Hoteli ndogo nyingine hazijajisajili kwa kazi hiyo, kwa hiyo zinakataa wageni hata kama umelipia mtandaoni. Kuna nyumba moja iliyotuacha tumesimama mlangoni na mizigo alfajiri, mimi na wenzangu, baada ya kuona pasi zetu. Yaliuma, kwa sababu nafasi tulikuwa tumethibitishiwa. Tangu siku hiyo sitoki Delhi kabla sijapiga simu na kuuliza swali moja: "Mnapokea wageni wa kigeni, Form C mnajaza?" Akisita, tafuta pengine. Beba pasi yenyewe pamoja na nakala za viza. Beba noti pia, kwa sababu biashara ndogo za kule hulipwa kwa mfumo wa simu wa Kihindi ambao laini ya mgeni mara nyingi haiufikii.

Watu watakutazama. Wengine wataomba kupiga picha nawe, hasa familia zilizotoka vijijini. Mara nyingi ni udadisi mtupu bila ubaya, na una haki ya kukataa kwa upole. Mimi nimeona salamu inafungua mambo mengi. Mwanamke mwenye duka mwite didi, yaani dada, dereva mwite bhaiya, yaani kaka, salimu kwanza ndipo uulize bei, kama tunavyofanya kwetu.

Ukishafika, amka mapema. Siwezi kulisisitiza hili vya kutosha. Saa kumi na mbili asubuhi Mall Road ni ya wazee wanaofanya matembezi, ziwa limetulia, na hewa ina harufu ya moshi wa kuni na miti ya mwaloni. Lizunguke ziwa lote kwa miguu. Upande wa pili wa Mall Road kuna njia ya kivuli, tulivu. Pale Mallital simama uangalie: msikiti wa Jama, hekalu la Naina Devi na gurudwara ya Masingasinga viko mwendo wa dakika chache, na juu kidogo kuna kanisa la Wamethodisti la mwaka 1858. Hadithi ya mahali hapa, kwa Wahindu, ni kwamba jicho la mungu mke Sati lilianguka hapa, ndipo ziwa likatokea. Hekaluni vua viatu, na usipige picha za watu wakisali.

Boti ni za makasia au za kukanyaga pedali. Bei huwa imebandikwa gatini, isome kabla hujapanda, na jaketi la kujiokolea livae hata kama mwenye boti amekaa bila lake. Gari la kebo linalopanda kutoka Mallital linakufikisha kilima cha Snow View, mita 2,270. Panda kwa lile la kwanza asubuhi. Wingu likiwa halijaamka, utaona ukuta wa theluji upeo wote wa kaskazini: Trisul, mita 7,120, na Nanda Devi, mita 7,816, mlima wa pili kwa urefu nchini India. Mchana mara nyingi hapaonekani kitu ila ukungu na wauza miwani. Mwenye miguu imara aende Naina Peak, mita 2,615, kilele cha juu kuliko vyote vinavyouzunguka mji. Ni saa kadhaa za kupanda msituni, na ni vizuri muwe zaidi ya mmoja kwa sababu chui wapo. Nyani wao wako kila mahali, na mfuko wa biskuti mkononi ni mwaliko kwao.

Kwa Wakenya, na zaidi kwetu tuliokulia Nyeri, Nainital ina uzi mwingine. Jim Corbett, yule mwindaji aliyekuwa akiitwa kuua chui na simba-milia waliozoea kula watu, alizaliwa hapa tarehe 25 Julai 1875. Mwaka 1907 alimuua simba-milia jike wa Champawat, anayehesabiwa kuua watu 436. Baadaye aliyageukia maisha ya kuwalinda wanyama aliokuwa akiwawinda. India ilipopata uhuru mwaka 1947 alihamia Kenya na dada yake, wakaishi Nyeri katika nyumba ya Paxtu, palepale hoteli ya Outspan, nyumba iliyokuwa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Alifariki Aprili 1955 na kaburi lake liko kanisa la St. Peter's, Nyeri. Niliwahi kumweleza hayo mwendesha boti mmoja, akaacha makasia, akaniuliza kama kaburi linatunzwa. Nilimwambia nimeliona kwa macho yangu. Nyumba ya familia yake Nainital, Gurney House, ni makazi ya watu, usibishe hodi. Nenda badala yake Kaladhungi, chini ya mlima, ambako nyumba yake ya majira ya baridi ni jumba la makumbusho. Hifadhi yenye jina lake, ya kwanza ya taifa India, iliyoanzishwa mwaka 1936, ingia kupitia Ramnagar. Hiyo ni safari ya peke yake, si ya kubana katika alasiri moja.

Chakula usikiachie hoteli za Mall Road zinazopika kila kitu kwa mchuzi uleule. Uliza chakula cha Kumaoni. Kuna chapati za wimbi, wanaita madua, na siku ya kwanza kuzionja nilijisikia nyumbani, kwa kuwa nafaka hiyo asili yake ni nyanda zetu za Afrika Mashariki na Ethiopia na ilivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Huliwa na viazi vya kukaanga kwa bizari, au mchuzi mzito wa maharagwe meusi ya bhatt. Anayetafuta nyama ya halali aulize jirani na msikiti wa Mallital.

Na tafadhali, ulitunze ziwa. Maji ya bomba ya mji hutoka humo. Baada ya maafa ya 1880 miteremko ilichimbwa mifereji mingi ya kushusha maji ya mvua, na mifereji hiyo leo hushusha pia kila chupa na kila karatasi hadi ziwani. Tangu 2007 imebidi hewa isukumwe chini ya maji ili samaki wapumue. Mwaka 2017 kina kilishuka hadi kingo zikaachwa wazi, na sababu mojawapo inayotajwa ni ujenzi juu ya Sukhatal, bonde linalojaa maji wakati wa mvua na kuyapenyeza taratibu chini ya ardhi hadi ziwani. Kwa hiyo oga kwa ndoo, jaza chupa yako hotelini badala ya kununua mpya, na taka zako shuka nazo. Ukichagua hoteli, ya zamani ni bora kuliko iliyojengwa juzi juu ya mteremko uliokatwa.

Ukiwa na siku ya ziada, maziwa ya Bhimtal, Sattal na Naukuchiatal yako kilomita ishirini na kitu tu, na kwa maoni yangu Sattal ndiko kutulivu kuliko kote. Njia ya huko, inayopita mji wa Bhowali, huziba kwa mahujaji wa Kainchi, ashramu ya Kihindu, zaidi tarehe 15 Juni na siku za wikendi. Kwa kurudi, shuka Kathgodam angalau saa nne kabla ya treni, na ikiwa ni Jumapili, shuka kabla ya adhuhuri.