Nukta Nyekundu Ramani Inaonyesha, Majivu Hatuyaoni

SWALI: Mhariri, sisi wa kamati ya msitu wa kijiji tuliona kwenye ramani ya moto ya NASA, shirika la anga la Marekani, nukta nyekundu ndani ya msitu wetu, lakini tulipofika mahali penyewe kesho yake hatukukuta hata jivu. Je, setilaiti hudanganya?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Ndugu msomaji, haikuwadanganya. Nukta ile si mahali hasa palipowaka, bali ni katikati ya eneo ambalo kihisi cha setilaiti kimepima joto lake, lenye takribani mita 375 kila upande kwa kihisi kiitwacho VIIRS, na kilomita moja kwa kile kiitwacho MODIS. Moto mdogo ulio mkali hutosha kulitia alama eneo zima, kwa hiyo tafuteni mamia ya mita kuizunguka nukta kabla ya kukata tamaa.

Linalopotosha zaidi ni saa. Setilaiti zenye VIIRS hupita yapata saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto wa nyasi uliowashwa saa tisa alasiri na kuzimika kabla ya magharibi huenda usionekane kabisa. Na moto unaoonekana huenda ulikwisha kusambaa kabla setilaiti haijapita. Ndiyo maana nukta ya kwanza haithibitishi kwamba moto ulianzia hapo, nami nawasihi msimtuhumu mwenye shamba yeyote kwa ushahidi huo peke yake.

Mkiyapata majivu, tazameni mashina ya miyombo: kwa kawaida weusi hupanda juu zaidi upande ambao moto ulikuwa ukielekea. Rudini kinyume cha mwelekeo huo, mti hadi mti, kutafuta moto ulipoanzia, mkiandika vipimo vya GPS.