Kabla ya kununua bamba la kukinga injini, lala chini ya gari kwanza

Mtu akishanunua Prado au Hilux na kuanza kutafuta gadi ya injini, swali analoniuliza ni lilelile: niweke chuma au alumini? Huwa namwambia hilo liko mbele, tutalifikia. Bamba la chuma la milimita 5 lililofungwa kwa bolti legevu kwenye kipande cha bati litang'oka siku ya kwanza litakapokutana na jiwe, na la milimita 3 lililoshikwa vizuri kwenye chesisi litabonyea tu na safari itaendelea. Kwa hiyo uliza kwanza linafungwa wapi, linafunguliwaje, na chini ya gari lako kuna nini.

Hilo la mwisho halijibiwi dukani. Egesha gari mahali palipo sawa, tandika boksi, lala chini na tochi. Kama unatumia jeki, weka na stendi zake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kwenye Prado 120 na 150, na kwenye Hilux nyingi tunazoendesha siku hizi, matairi ya mbele yana suspensheni huru, kila tairi linapanda na kushuka peke yake. Maana yake difu ya mbele, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, imening'inizwa kwenye fremu, chini ya injini, na haipandi wala kushuka pamoja na matairi. Mbele yake kuna sehemu ya chini ya rejeta, jirani yake sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na ukirudi nyuma unakuta gia boksi na transfa, gia inayopeleka nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Pua ya gari ikizama kwenye korongo, au springi zikilala kwa mzigo, hivyo ndivyo vinavyosogea kukutana na mawe. Sampo ikitoboka na dereva asiione taa ya oili, injini haina dakika nyingi.

Land Cruiser 70, zile za mkonga, ni habari nyingine. Mbele zina ekseli nzima, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na difu inakwenda na matairi. Bamba la kwenye chesisi haliikingi difu hiyo, wala fimbo za stelingi zilizo usawa wa ekseli. Nimeona watu wakibeba bamba zito la mbele kwenye gari la namna hiyo huku transfa na tangi la mafuta vikiwa uchi. Suzuki Jimny nayo ina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo hesabu ni ileile.

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na kinga ya plastiki au bati jembamba chini ya injini. Kazi yake ni kuzuia maji na tope la barabarani, na pengine kupunguza kelele. Ukiigonga kwa ngumi ikaitika, usiiamini kwenye mawe.

Sasa bolti. Bamba zuri linashika kwenye chesisi yenyewe au kwenye krosmemba, chuma kinachokatiza kati ya pande mbili za chesisi, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha na nati zake ndani. Ukiona muuzaji anataka kutoboa chesisi matundu mapya, muulize kwa nini, na jibu likiwa refu sana ondoka. Bamba lisishike injini wala gia boksi, kwa sababu hivyo vinatikisika kwenye raba zake, na kishindo cha jiwe kitaishia kwenye mikono ya aluminiamu inayovishikilia. Kichwa cha bolti kiwe kimeandikwa 8.8 au zaidi, hicho ni kipimo cha nguvu yake. Tena kiwe kimezama ndani ya bamba au kimefichwa nyuma ya kingo. Kikijitokeza nje, mawe yatakisaga mpaka spana ikose pa kushika, na siku ya kubadilisha oili utamwita mtu wa grainda.

Angalia pia nafasi kati ya bamba na sampo. Bamba lolote linabonyea gari likiliegemea kwa uzito wake. Mimi nataka vidole viwili vipite kwa raha. Likiwa limebanana na sampo, jiwe litagonga bamba na bamba litagonga sampo, na hapo hujakinga kitu.

Ukinunua zaidi ya moja, tazama yanavyopandana. La mbele lipite chini ya lile la nyuma yake, kama bati za paa zinavyopishana kufuata mteremko wa maji, ili jiwe liteleze bila kupata mdomo wa kushika. Kingo ya mbele kabisa iwe imekunjwa kuelekea juu. Bamba lililokatwa wima mbele ni jembe, na kwenye udongo mweusi wa mbuga litalima kweli.

Haya, chuma au alumini. Kipande cha nusu mita ya mraba, ambacho kinakaribia ukubwa wa bamba la mbele, kikiwa cha chuma cha milimita 4 kina kilo 16 hivi. Cha alumini cha milimita 6 kina kilo 8 tu, na kwa kukataa kupinda kinalingana na kile cha chuma au kukizidi kidogo. Ukifunga seti nzima ya mita moja na nusu za mraba, tofauti inafika kilo 23 au 24, na zote ziko kwenye springi zako kila siku, hata unapokwenda sokoni. Kwa hesabu hiyo alumini inashinda.

Lakini mimi niko Arusha, na barabara inayonihukumu ni ile ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, kwenye mawe ya volkano yenye makali. Alumini ikiburuzwa juu ya jiwe la namna hiyo inachimbika na kung'ang'ania. Chuma kinapiga kelele lakini kinateleza. La pili, chuma kikipinda kitanyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa na fundi yeyote mwenye mashine ya kawaida. Alumini inahitaji mashine yake na gesi ya agoni, na hata ikichomelewa vizuri, aina nyingi ngumu hupoteza sehemu ya nguvu yake pale palipopata moto. Ukiwa mbali na mji, jambo hilo lina uzito kuliko zile kilo 24. Kwa hiyo kwangu ni chuma cha milimita 3 au 4 chenye mikunjo inayokipa ugumu. Mtu wa Tanga au Mombasa anayetembea zaidi kwenye mchanga ana haki ya kuchagua alumini, ila aweke washa za plastiki au grisi nzuri kati yake na bolti za chuma, maana hewa ya chumvi huila alumini pale metali hizo mbili zinapogusana.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukutengenezea bamba zuri kuliko la dukani, au baya kuliko yote. Wengi wao hukimbilia unene. "Bosi, hii nimekuwekea milimita 6, hata faru haipindishi." Faru haijawahi kuwa tatizo langu. Mwambie akunje badala ya kuongeza unene, atumie matundu ya kiwanda, na aache dirisha la kumwagia oili na la kutolea chujio. Hapo ndipo na mabamba ya kuagiza yanapokosea: Prado 120 moja ina injini ya 1KZ, nyingine 1KD, nyingine 2TR, na dirisha lililokatwa kwa injini moja halikutani na nati ya sampo ya nyingine. Mtajie muuzaji injini, usimtajie gari tu.

Kuhusu moto nitakaa kidogo, kwa sababu watu hawaufikirii. Kiangazi, ukipita kwenye nyasi ndefu, mbegu na majani makavu huingia juu ya bamba na kujazana karibu na ekzosi. Masega ya gari la petroli, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kichujio cha masizi cha dizeli za kisasa kinapojisafisha, hupata joto la kuzidi nyuzi 500. Nyasi kavu huwaka kabla joto halijafika hapo. Usinunue bamba linalofunika masega bila nafasi ya hewa, na siku umepita porini simama kila baada ya muda, chungulia na tochi, chokoa kwa waya. Injini ikiwa bado ya moto, usiweke mkono.

Masika shida inageuka kuwa tope. Udongo mweusi ukikauka juu ya bamba unashika unyevu na kuozesha chuma, na unaziba hewa ya kupooza gia boksi ya otomatiki. Matundu ya kutolea maji yanasaidia maji tu. Tope la mbuga halitoki mpaka bamba lishuke, ndiyo maana nasisitiza lifunguliwe na mtu mmoja mwenye soketi moja. Bamba pia huficha uvujaji: oili inayodondoka hulala juu yake badala ya kuacha doa sakafuni, basi pima oili kwa kijiti mara nyingi kuliko zamani.

Wenye RAV4 na Forester, magari yenu hayana chesisi ya ngazi, yaani fremu ya peke yake chini ya bodi. Bamba lishike kwenye fremu ndogo inayobeba injini, na liwe jepesi. Likiunganishwa kwa ugumu kutoka bampa hadi huko nyuma, linaweza kubadili namna pua ya gari inavyojikunja kwenye ajali.

Pesa ikiwa haitoshi seti nzima, kwenye Prado na Hilux anza na la mbele, lifuate la gia boksi na transfa, tangi la mafuta liwe la mwisho. Kwenye Land Cruiser 70 anza na transfa na tangi. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu kaza bolti zote upya, kwa sababu chache huenda zimelegea, na weka mbili za akiba kwenye droo ya dashibodi pamoja na soketi yake.