Kigoma na Ujiji, mji mmoja au miwili?

Swali: Shikamoo mhariri, nimepangiwa kazi Kigoma, eti Ujiji ndo hukohuko?

Jibu: Marhaba mwanangu. Ni manispaa moja, Kigoma-Ujiji, sensa ya 2012 ilihesabu watu laki mbili na ushee. Mkongwe ni Ujiji, misafara ya pembe na watumwa ilipita pale, na 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapohapo. Kigoma imechangamka baadaye, Wajerumani walipofikisha reli 1914, wakaunga vipande vya ile meli ambayo leo tunaiita Liemba, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuiopoa, ni mambo hayo. Ukifika pita mwalo wa Kibirizi asubuhi uone dagaa walivyoanikwa, harufu utazoea, halafu ng'ambo kule ya Ziwa Tanganyika milima unayoiona ni Kongo.